Je, Bunge linaweza kuihoji IEBC bila kuiamrisha?

MwalimuKisauni ameuliza:

Ndugu zangu, salaam.

Ninafundisha Historia na Serikali katika shule ya upili, na wiki hii mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza swali ambalo nililijibu nusunusu, na jibu lile limekuwa likinisumbua tangu siku hiyo. Tulikuwa tukisoma Kifungu cha 249 cha Katiba ya Kenya, kinachosema kwamba tume za kikatiba ziko chini ya Katiba na sheria pekee, wala haziwezi kuelekezwa au kudhibitiwa na mtu au mamlaka yoyote. Mwanafunzi huyo akarudi nyuma hadi Kifungu cha 95, akasoma kwa sauti kwamba Bunge la Taifa huchunguza mienendo ya maafisa wa ngazi za juu wa Serikali na kusimamia vyombo vya dola. Kisha akaniuliza: «Mwalimu, sasa IEBC ina mkubwa wake au haina?»

Nilimwambia kwamba IEBC, yaani Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, haina mkubwa wa kuipa amri, lakini ina watu inaopaswa kuwatolea hesabu. Alifikiri kidogo, akasema kwamba hao inaowatolea hesabu ndio hao hao wanaogombea viti katika uchaguzi unaoendeshwa na tume hiyo, na kwamba ni kama wachezaji kupewa mamlaka ya kumwita refa chumbani baada ya mechi. Darasa zima lilinigeukia, nami nikaahidi kuleta jibu bora zaidi.

Ninaloomba kueleweshwa ni hili: mstari uko wapi hasa? Kamati ya Bunge inapomwita mwenyekiti wa IEBC, ni maswali gani yaliyo halali na ni yapi yanayovuka mpaka? Na yale ya Desemba 2022, makamishna wanne waliposimamishwa kazi baada ya Bunge kupokea malalamishi dhidi yao, tuyahesabu kuwa usimamizi au kulipiza kisasi? Naomba majibu ambayo mtoto wa miaka kumi na sita anaweza kuyafuata, ila yasiwe mepesi kupita kiasi, kwa maana wanafunzi hawa watapiga kura karibuni.

KaraniMstaafu amejibu:

Mwalimu, mwanafunzi wako ameugusa moyo wa jambo lenyewe, na ulichomjibu kilikuwa sahihi ingawa kilikosa mifano. Nilikaa miaka kadhaa nikiandika kumbukumbu za vikao vya kamati, na nilichojifunza ni kwamba tofauti kati ya kuhoji na kuamrisha huijui kwa kusoma barua ya mwaliko. Unaijua kwa kusikiliza swali lenyewe na kwa kuangalia limeulizwa wakati gani.

Tuanze na fedha, kwa sababu hapo ndipo Bunge lina haki isiyo na shaka. Kifungu hicho hicho cha 249 kinalitaka Bunge liitengee kila tume fedha za kutosha, na bajeti yake iwe fungu la pekee, lisilofichwa ndani ya wizara fulani. Anayetoa fedha ana wajibu wa kuuliza zimetumikaje. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anapaswa kukamilisha ukaguzi wake ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, na Bunge linapewa miezi mitatu zaidi ya kuijadili ripoti na kuchukua hatua. Sasa piga hesabu pamoja na wanafunzi wako. Mwaka wetu wa fedha huisha tarehe 30 Juni, na uchaguzi mkuu hufanyika Agosti, yaani mwanzoni mwa mwaka mpya wa fedha. Kwa hiyo shilingi iliyotumika Agosti 2022 ilipaswa kukaguliwa kufikia mwisho wa Desemba 2023, na kujadiliwa bungeni kufikia mwisho wa Machi 2024, hata kama kila mtu angefuata ratiba bila kuchelewa siku moja. Usimamizi wa fedha za uchaguzi, kwa mpango wetu ulivyo, hufika mwaka mmoja na nusu baada ya masanduku kufungwa. Nimeona vikao ambamo mbunge anauliza kwa ukali mkubwa kuhusu zabuni ambayo afisa aliyeitia saini amekwisha kuondoka kazini, na aliyeketi mbele ya kamati hana la kusema isipokuwa kuahidi kwenda kutafuta nyaraka.

Hata hivyo, swali la aina hiyo ni halali. «Kwa nini vifaa hivi vilinunuliwa bila ushindani?» ni swali la msimamizi. «Kwa nini hamkufungua vituo vya kutosha vya kuandikisha wapiga kura katika kaunti zenye ukame?» vilevile ni la msimamizi, na Kifungu cha 254 kinaliruhusu Bunge la Taifa au Seneti kuitaka tume itoe ripoti kuhusu jambo mahususi wakati wowote. Lakini «Kwa nini mlimtangaza huyu badala ya yule?» si swali la kamati ya Bunge. Matokeo ya urais yanapingwa katika Mahakama ya Juu, ombi likiwasilishwa ndani ya siku saba baada ya kutangazwa na kuamuliwa ndani ya siku kumi na nne baada ya kuwasilishwa. Mahakama ilitumia mamlaka hayo tarehe 1 Septemba 2017 ilipoufuta uchaguzi wa urais wa Agosti, na kufanya hivyo hakukuidhalilisha tume mbele ya wagombea. Katiba ilitenganisha njia hizi mbili kwa makusudi: hesabu za tume ziende kwa wabunge, hesabu za kura ziende kwa majaji.

Kuhusu makamishna wanne, nitasema ninavyoona, na wengine watanisahihisha. Kwanza wanafunzi waelewe kwamba Bunge halimfukuzi kamishna. Kifungu cha 251 kinasema mtu yeyote anaweza kuwasilisha malalamishi katika Bunge la Taifa, na Bunge likiridhika kwamba yanaonyesha sababu iliyotajwa katika Katiba, kama vile ukiukaji mkubwa wa sheria, utovu mkubwa wa nidhamu au kutoweza kazi, huyapeleka kwa Rais. Rais anaweza kumsimamisha kamishna huyo, na lazima aunde jopo linaloongozwa na mtu ambaye ni jaji au aliyewahi kuwa jaji wa mahakama za ngazi ya juu. Uamuzi wa jopo unambana Rais. Mwaka 2022 hatua hizo zote zilifuatwa kwa maandishi. Makamishna wanne waliyakana matokeo ya urais tarehe 15 Agosti, Mahakama ya Juu ikathibitisha ushindi wa William Ruto tarehe 5 Septemba na kusema kwamba wanne hao hawakuleta ushahidi wa kuonyesha matokeo yamechezewa, malalamishi yakafika bungeni, na tarehe 2 Desemba wakasimamishwa. Watatu walijiuzulu. Mmoja, Irene Masit, alibaki kujitetea mbele ya jopo la Jaji Aggrey Muchelule, na mnamo Machi 2023 aliondolewa.

Kwa hiyo sheria haikuvunjwa. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba wingi wa wabunge waliopima kama malalamishi yale yana uzito walikuwa wa upande uliotangazwa mshindi, na kitendo kilicholalamikiwa kilihusu tangazo hilo hilo. Hata kama makamishna wale walikosea, na ninaamini walikosea kwa kutoka nje ya ukumbi wa kujumlisha kura na kuitisha mkutano wao wa waandishi wa habari, kamishna wa mwaka 2027 atakayetofautiana na wenzake kwa nia njema ataikumbuka Desemba ile kabla ya kufungua mdomo. Hilo ni gharama, na halionekani katika ripoti yoyote ya kamati.

BintiMandera amejibu:

Mzee Karani, shikamoo. Nimesoma maelezo yako kwa makini na nimejifunza, lakini nadhani umekaa sana mlangoni pa kamati ukasahau kwamba Bunge linaweza kuiumiza tume bila kumwita mtu yeyote.

Mnamo Aprili 2018 makamishna watatu walijiuzulu, na kwa kuwa Dkt. Roselyn Akombe alikuwa amekwisha kujiuzulu Oktoba 2017, walibaki watatu kati ya saba. Nafasi hizo zilikaa wazi hadi Septemba 2021. Muda huo wote tulibishana mahakamani kama watu watatu wanatosha akidi, yaani idadi ya chini inayotakiwa ili maamuzi ya tume yawe halali: Mahakama Kuu ilisema mwaka 2018 kwamba wanatosha, ikasema Mei 2021 kwamba hawatoshi katika kesi ya BBI, ule mpango wa kurekebisha Katiba, Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo wa pili, na Mahakama ya Juu ikaja kusema tarehe 31 Machi 2022 kwamba watatu walitosha. Mabishano hayo ya miaka minne yangalikwisha kwa Bunge na Rais kujaza viti vinne.

Halafu tukarudia kosa lile lile kwa ukubwa zaidi. Muhula wa mwenyekiti Wafula Chebukati na wenzake wawili ulikwisha tarehe 17 Januari 2023. Jopo la kuteua makamishna wapya liliundwa mwezi uliofuata, kisha kazi yake ikasimamishwa kupisha mazungumzo ya miungano miwili mikubwa ya kisiasa yaliyofanyika katika ukumbi wa Bomas, Nairobi. Mazungumzo yakazaa ripoti, ripoti ikazaa sheria iliyotiwa saini Julai 2024, na makamishna wapya wakiongozwa na Erastus Edung Ethekon wakaapishwa tarehe 11 Julai 2025. Ni karibu miezi thelathini bila kamishna hata mmoja kazini. Sekretarieti ilikuwepo na mishahara ililipwa, ila hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kuitisha uchaguzi mdogo. Mipaka ya maeneo bunge, ambayo Katiba inataka ipitiwe kila baada ya miaka minane hadi kumi na miwili, ilipitiwa mara ya mwisho mwaka 2012, na muda wake ukapita Machi 2024 bila mtu wa kuishughulikia.

Mimi ni mtu wa Mandera, kwa hiyo nisamehewe nikilisema hili kwa uchungu. Mbunge wa Banisa alifariki Machi 2023, na watu wa Banisa hawakupiga kura ya kumpata mrithi wake hadi tarehe 27 Novemba 2025. Mamangu mdogo anaishi huko. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu bajeti za taifa zilipitishwa, sheria za kodi zikajadiliwa, watu wakaandamana nchini kote dhidi ya Mswada wa Fedha wa 2024, na eneo bunge lake halikuwa na sauti ya ndiyo wala ya hapana. Hakuna mbunge aliyeiamrisha IEBC katika jambo hili. Ilinyamazishwa kwa kuachwa tupu.

Mwalimu, mwambie mwanafunzi wako kwamba refa anaweza kuonewa kwa kuitwa chumbani, lakini anaonewa zaidi mechi inapofika siku yake na refa hajateuliwa.

MswahiliLeicester amejibu:

Nimeishi Uingereza muda mrefu, na nataka kuongeza mfano wa huku kwa sababu mara nyingi tunaambiwa tujifunze kutoka Westminster, yaani Bunge la Uingereza. Tahadhari kwanza: Tume ya Uchaguzi ya Uingereza haiendeshi uchaguzi kama IEBC. Kura huhesabiwa na maafisa wa halmashauri katika kila eneo. Tume, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2000, husajili vyama, hufuatilia fedha za kampeni, huweza kutoza faini na hutoa ushauri. Ni msimamizi wa kanuni, wala si mwendeshaji wa zoezi.

Tume hiyo haiwajibiki kwa waziri. Iko chini ya uangalizi wa kamati maalumu inayoongozwa na Spika wa Bunge la Makabwela, ambayo hupitia makadirio yake ya fedha na mpango wake wa miaka mitano, na makamishna huteuliwa na Mfalme baada ya azimio la Bunge hilo. Mpango huo ulidumu kwa miaka ishirini. Kisha ikaja Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2022, iliyoipa Serikali uwezo wa kuandika taarifa ya mikakati na sera, ikipata idhini ya Bunge, na kuitaka Tume iizingatie inapofanya kazi zake, huku kamati ya Spika ikipewa jukumu la kuchunguza kama imeizingatia. Mnamo Februari 2022, mswada ukiwa bado bungeni, makamishna wote isipokuwa mmoja waliandika barua ya wazi kuupinga, wakisema kwamba haupatani na uhuru wa tume ya uchaguzi. Mswada ulipita, na taarifa yenyewe ikaanza kutumika Februari 2024, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu.

Watetezi wake walisema neno «kuzingatia» si «kutii», na kisheria wana hoja. Lakini fikirini mnapoletewa karatasi ya vipaumbele iliyoandikwa na chama kinachotawala, mkijua kwamba mtaulizwa baadaye jinsi mlivyoifuata mbele ya kamati ambayo mawaziri nao wamo. Kwa kipimo cha Mzee Karani, hapo kuhoji kumeanza kugeuka kuwa kuelekeza, na kumefanyika polepole, kwa lugha ya upole na kwa kufuata kanuni zote. Katiba ya Kenya ina Kifungu cha 249 cha kuuzuia mwendo kama huo; Uingereza, ambako sheria ya kawaida ya Bunge inaweza kubadilisha karibu kila kitu, haina kizuizi hicho. Katika jambo hili moja msiwe na haraka ya kuiga.

MsomajiDodoma amejibu:

Nami nitoe maneno machache kutoka Tanzania, kwa kuwa mjadala wenu unatufaa. Kwetu Ibara ya 74 ya Katiba inasema Tume ni idara huru na hailazimiki kufuata amri ya mtu au idara yoyote ya Serikali wala maoni ya chama, na tangu Aprili 2024, Sheria Namba 2 ya mwaka huo ilipoanza kutumika, inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Hata hivyo wajumbe wake huteuliwa na Rais bila kuthibitishwa na Bunge, na ibara hiyo hiyo inazuia mahakama kuchunguza mambo yaliyotendwa na Tume katika kutekeleza majukumu yake.

Kwa hiyo ninapowasoma Wakenya mkijiuliza kama Bunge limezidisha kuhoji, ninaliona tatizo kutoka upande wa pili. Tume isiyopita mbele ya Bunge wakati wa kuteuliwa wala mbele ya hakimu baada ya kutenda inaweza kuwa huru kwa jina, lakini mwananchi hana pa kupeleka swali lake. Ningependa mwanafunzi wa Kisauni ajue kwamba kutoulizwa maswali si sawa na kuwa huru.

MwalimuKisauni ameandika tena:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Dada wa Mandera, pole kwa yaliyowapata watu wa Banisa. Nitalisimulia darasani kama ulivyolisimulia. Nina swali moja la mwisho kwa Mzee Karani. Umetaja fedha, ripoti na kuondolewa kwa makamishna, lakini hukutaja utungaji wa sheria. Ikiwa tume inafuata Katiba na sheria pekee, na sheria inaandikwa na wabunge, je, huo si mlango mpana kuliko yote?

KaraniMstaafu amejibu:

Ndiyo, ni mpana kuliko yote, na asante kwa kunikumbusha. Wiki chache baada ya Mahakama ya Juu kuufuta uchaguzi wa 2017, Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za uchaguzi huku upinzani ukiwa umesusia, yakigusa hata akidi ya tume na mtu anayeweza kufanya kazi za mwenyekiti. Aprili 2018 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu kadhaa vya marekebisho hayo kwa kukiuka Katiba. Mlango huo hulindwa na majaji, lakini majaji hufika baada ya mwananchi kwenda kuwalalamikia, na pengine wamechelewa.

BintiMandera naye amenirekebisha vyema, na nimeshinda leo nikipiga hesabu kwa sababu yake. Makamishna wote saba waliapishwa siku moja, na Katiba inawapa muhula mmoja tu wa miaka sita. Wasipoondoka mapema, wote wataondoka pamoja Julai 2031, mwaka mmoja na mwezi mmoja kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2032. Tukikawia kuwapata warithi wao kama tulivyokawia safari iliyopita, uchaguzi huo utafika bila tume. Mihula yao haiwezi kufupishwa kwa sheria ya kawaida ili ipishane, kwa sababu imewekwa na Katiba yenyewe. Kwa hiyo ama Katiba irekebishwe, ama jopo la uteuzi lianze kazi mapema na Bunge liwapige msasa wateule kabla ya viti kubaki wazi. Wanafunzi wako wa kidato cha tatu watakuwa wapiga kura wazoefu wakati huo. Wape tarehe hiyo waiandike daftarini, na kila mgombea ubunge atakayefika Kisauni kuomba kura mwaka 2027 wamuulize atafanya nini kuihusu.